Meza Moja na Mama Mkwe

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kakao alinipigia simu nikiwa namvalisha binti yangu viatu. Alisema jina la mke wangu bado lipo kwenye mafunzo ya kutengeneza chokoleti pale Ifakara, na kama familia haitatuma mtu, nafasi itachukuliwa na kikundi kingine.

"Sijui hata nikwambieje, baba," alisema. "Yeye ndiye aliyehangaika mpaka mwalimu akakubali kuja. Nimeona vibaya nafasi yake ipotee hivi hivi."

Mke wangu alikuwa amefariki miezi michache kabla ya simu ile. Aliugua ghafla, tukampeleka hospitali, hakurudi. Tulikuwa tunaishi Mchombe, kwenye nyumba iliyopakana na mpunga wa jirani upande mmoja na shamba letu la kakao upande wa pili. Miche ile aliipanda yeye. Mimi ni mtoto wa Wasukuma. Wazazi wangu walihamia bondeni na ng'ombe wao nikiwa bado nabebwa mgongoni, na kazi ya kakao nimeijulia kwake. Tulikuwa tunavunja matunda, tunachachusha mbegu, tunaanika, tunauza, basi. Chokoleti yenyewe tulikuwa tunainunua dukani kama watu wengine, tena kwa nadra. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza kila mara: kwani wenzetu wanaifanyaje mpaka inakuwa vile?

Nilitaka kukataa. Jikoni mimi najua ugali, maharage na chai. Lakini binti yangu, ambaye alikuwa hajaanza shule, alisikia neno chokoleti likitoka kwenye simu, akaniangalia. Nikamwambia mwenyekiti nitakwenda.

Siku ilipofika nilimwacha mtoto kwa jirani, mama mmoja ambaye tangu msiba ndiye aliyekuwa ananisaidia kumlea, nikawasha pikipiki kuelekea Ifakara. Mafunzo yalikuwa kwenye jiko la shule moja ya ufundi, upande wa Lumemo. Jiko kubwa, madirisha yenye nyavu, meza zimepangwa kwa mistari, na kila meza imebandikwa jina la mshiriki. Kina mama walikuwa wameshafika, wamevaa aproni nyeupe. Nikatafuta jina la mke wangu. Nilipoliona, nikaona pia kwamba kiti kina mtu.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Hatukuwa tumeonana tangu mazishi. Siku ile, baada ya watu kula na kuanza kutawanyika, alisimama mbele ya ndugu zake na ndugu zangu akasema mtoto aende naye Lupiro. Nikasema mtoto ana baba. Akanijibu kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Mwanangu umemzika kwenu. Na mjukuu unataka kumzika?" Wazee walituliza, wakasema mambo hayo yazungumzwe baadaye, watu wakiwa wametulia. Hiyo baadaye haikuja. Yeye alirudi ng'ambo ya mto, mimi nikabaki na mtoto. Alituma watu mara mbili tatu waseme mtoto aende akamsalimie bibi yake, na kila mara nilipata sababu. Mara ana mafua, mara barabara ni mbaya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijua mtoto akishafika Lupiro, kumrudisha itakuwa vita.

Nikasogea mpaka mbele ya meza. "Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu, macho yake yakiwa kwenye sufuria.

Mwenyekiti alikuja mbio akanivuta pembeni. Kumbe alikuwa amempigia mama mkwe kwanza, simu haikupokelewa, ndipo akanitafuta mimi. Baadaye mama akapiga mwenyewe kuuliza kulikuwa na nini, na mwenyekiti, kwa aibu ya kushindwa kumwambia mzazi wa marehemu kwamba nafasi imeshatolewa, akamwambia aje. Alikuwa anatumaini mmoja wetu hatatokea.

"Basi mimi narudi nyumbani," nilisema.

"Ukiondoka sasa hivi watu wote wataona," alisema. Nikageuka. Kweli, jiko zima lilikuwa linatutazama.

Mwalimu alikuwa dada mdogo tu kutoka Dar es Salaam, mchangamfu, asiyejua lolote kuhusu sisi. Aliposikia kwamba watu wawili wamekuja kwa nafasi moja alicheka. "Hakuna shida, familia moja hii! Mama na mwanawe watafanya pamoja." Hakuna aliyemsahihisha. Akanipa kipande cha kanga nijifunge kiunoni, kwa sababu aproni ya meza yetu ilikuwa moja na tayari ilishavaliwa.

Msomaji asiyetoka kwetu aelewe jambo hili. Kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, hamgusi. Ukikutana naye njiani unampisha. Hata katika miaka yote mizuri, mke wangu akiwa hai, mimi na yule mama hatukuwahi kukaa kwenye benchi moja. Sasa nilisimama naye meza moja, upana wa mkono kati yetu, na bakuli moja la kushirikiana.

Mwalimu alieleza kwamba tutatengeneza vitu vinavyoitwa trafo, madonge madogo ya chokoleti laini yanayoviringishwa kwa viganja. Mama mmoja nyuma akauliza, "Transfoma?" na watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mama mkwe naye hakucheka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukatakata chokoleti vipande vidogo vidogo. Nilichukua kisu. Nilikata kama ninavyokata muhogo, vipande vinaruka mpaka sakafuni. Mama mkwe alitazama kwa muda, kisha akainua kichwa.

"Mwalimu," alisema, "mwambie huyu mwanamume akate vidogo zaidi."

Mwalimu alikuwa meza ya tatu kutoka kwetu. Akashangaa, akasema, "Kata vidogo zaidi, kaka."

Nikakata vidogo zaidi. Krimu ya maziwa ilipowekwa motoni, niliona moto wake ni mkali mno, na mimi pia sikumsemesha. Nilisema, "Mwalimu, huu moto si mkubwa?" Mwalimu akaja akapunguza. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa muda mrefu, kila neno likipita kwa mtu wa tatu. Kina mama wa meza za jirani walianza kunyamaza ili wasikie.

Kisha ikaja zamu ya kuonja. Mwalimu alipita na kijiko kwa kila mtu, chokoleti chungu na chokoleti tamu, ili tujue tofauti. Aliponifikia nikatikisa kichwa.

"Lazima uonje, kaka, ndiyo kazi yenyewe hii. Utatengenezaje kitu usichokijua?"

"Nitaonja baadaye."

"Baadaye lini? Fungua mdomo."

Mama mmoja mtu mzima, wa kutoka Mahenge, akamwambia mwalimu kwa sauti ya chini, "Huyo ni mkwewe, mwanangu. Hawezi." Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Ndipo mama mkwe akageuka akatazama dirishani, mgongo wake kwangu. Nami nikageukia ukutani. Nikala upesi upesi kama mwizi. Sikumbuki hata ladha yake ilikuwaje.

Tulipogeukia meza tena krimu ilikuwa inatokota kingoni. Mwalimu akasema tuimwage juu ya chokoleti, tusubiri kidogo, halafu tukoroge taratibu kuanzia katikati. Niliimwaga. Hatukusubiri; mimi nilitaka kazi iishe niondoke. Mama mkwe akachukua mwiko akakoroga kwa nguvu kama anasonga ugali. Mara moja ule uji mzuri uliokuwa unang'aa ukakatika. Mafuta yakaja juu, chini kukabaki vitu kama mchanga wenye maji.

"Ameiharibu," mama mkwe alisema. Sasa hakumtaja mwalimu. "Ameimwaga ya moto sana."

"Imekorogwa kwa nguvu," nilisema mimi nikiangalia bakuli.

"Nakoroga tangu hujazaliwa."

"Sikusema hujui kukoroga, mama."

"Umesema nini basi?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa nguvu. Nilijua kwamba neno moja zaidi litatoa mengine yote, mbele ya watu hawa. Mwalimu alikuja, akachungulia bakuli letu, akasema kwa upole, pengine alishaelewa kiasi, kwamba haijaharibika, inaokoka. Akaniwekea maziwa ya vuguvugu kwenye kikombe. "Wewe unatia tone tone. Mama unakoroga polepole. Lakini lazima msikilizane, maana yakizidi hayarudi."

Akaondoka, akatuacha.

Nilishika kikombe. Mama mkwe alishika mwiko. Mwisho akasema, "Tia."

Nikatia.

"Basi."

Akakoroga. Mafuta yalizunguka juu, hayakutaka kushikana.

"Tia tena. Kidogo."

"Hivi?"

"Hivyo."

Tukiacha salamu, hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza bila ugomvi tangu mazishi. Tuliendelea, tia, basi, subiri, tia, mpaka katikati ya bakuli pakatokea doa jeusi linalong'aa, likapanuka polepole hadi kingoni. Aliinua mwiko, chokoleti ikashuka nzito, laini. Alishusha pumzi. Bakuli likaenda kwenye friji, na mwalimu akasema tupumzike, tunywe chai.

Nilitoka nje nikasimama karibu na pikipiki. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta anazungumza na simu, hakujua nipo. Nilisikia akisema, "Hapana, leo sirudi Lupiro. Nikitoka hapa natafuta bodaboda, nafika Mchombe." Baada ya kidogo, "Ndiyo. Nimechoka kusubiri."

Lupiro ni kuvuka mto. Mchombe ni njia nyingine kabisa. Hakuwa na kitu kingine cha kufuata Mchombe. Nilitoa simu nikampigia jirani, na nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba sikushusha sauti. "Mtoto yuko wapi? Sikiliza, asiondoke na mtu yeyote. Umenisikia? Hata akija mtu akasema ni ndugu. Mtu yeyote."

Nilipokata simu nikamwona amesimama kwenye kona ya ukuta.

"Mimi ni mtu yeyote?" aliuliza.

Alisubiri. Uso wake haukuwa na hasira kama nilivyotegemea. Ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa. Kisha akageuka akarudi ndani. Niliangalia pikipiki yangu, ufunguo ukiwa mfukoni. Ningeweza kuondoka, nikafika Mchombe kabla yake, nikamchukua mtoto nikampeleka kwa kaka zangu. Nilifikiria kabisa jambo hilo, mpaka na njia ya kupita. Sijui vizuri kilichonirudisha ndani. Labda ni lile swali. Nilikuwa sijalijibu.

Ndani, mabakuli yalikuwa yameshatolewa kwenye friji. Tulitakiwa kuchota kwa kijiko, kuviringisha haraka kati ya viganja, kisha kutumbukiza kwenye unga wa kakao. Mwalimu alituwekea beseni la maji ya barafu tupozeshe mikono, kwa sababu joto la Ifakara lilikuwa linaingia mpaka ndani ya kuta. Donge langu la kwanza liliyeyuka likanipakaa mpaka kwenye kifundo cha mkono. La pili vilevile. Mama mkwe alikuwa anaviringisha yake moja baada ya jingine, mara tatu tu, anaachia.

"Unakandamiza," alisema bila kunitazama. "Iache ijizungushe."

Nilijaribu. Lilikuwa na pembe kama jiwe, lakini halikuyeyuka.

Kina mama wengine walishaanza kuzungumza yao, kelele zimerudi jikoni, na ndani ya kelele zile ndipo mama mkwe alipoanza, kwa sauti ya chini, mikono yake ikiendelea na kazi.

"Siji kumchukua. Nataka kumwona. Tangu siku ile sijamwona. Nasikia kwa watu tu kwamba amerefuka."

"Siku ile ulisema maneno, mama."

"Siku ile nilikuwa namzika mwanangu. Unataka kunipima kwa maneno ya siku ile?"

"Na mimi nilikuwa namzika," nilisema.

Mikono yake ilisimama. Alikuwa ameshika donge katikati ya viganja na niliona linaanza kulainika, chokoleti inapita kati ya vidole. Hakulitupa. Alilirudisha kwenye bakuli na kuingiza mikono kwenye maji ya barafu.

"Ni kweli," alisema. "Hilo sikuliwaza. Nilikuona umesimama pale, unawaambia watu wachimbe hapa, wachimbe pale, hulii, nikasema huyu hana uchungu."

Nilichota donge jingine ili nipate pa kuangalia.

"Sikufichi lakini," akaongeza. "Nikimwona, nitatamani kumchukua. Sina mwingine."

"Na mimi nitakataa."

"Kataa. Ndiyo haki yako. Lakini nimwone."

Nilimwambia leo tutakwenda wote. Kisha nikampigia jirani tena, pale pale mezani, chokoleti imenijaa mpaka kwenye simu, nikasema bibi wa mtoto anakuja. Mama mkwe alisikiliza kila neno.

Jioni ile hakupanda pikipiki yangu. Hilo lisingewezekana hata kama tungekuwa na amani. Alikodi bodaboda, nikatangulia, naye akafuata nyuma. Kila nilipotazama kioo nilimwona amekaa upande, kanga ikipepea, amekumbatia hotipoti yenye madonge yetu yaliyowekwa juu ya barafu. Njia nzima nilijiuliza kama ninajiletea mwenyewe kile nilichokikimbia miezi yote.

Mtoto alikuwa uani kwa jirani. Alinikimbilia, kisha akamwona bibi yake akishuka, akasimama. Alijificha nyuma ya miguu yangu. Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Hakumsogelea. Alichuchumaa palepale alipokuwa, vumbini, na gauni lake zuri, akaweka hotipoti chini.

"Umenisahau?"

Mtoto alinishika suruali. Nilitamani kumsukuma mbele na nilitamani kumrudisha ndani, vyote kwa wakati mmoja. Nikasema tu, "Ni bibi. Msalimie bibi."

"Shikamoo bibi," mtoto akasema kutoka nyuma yangu.

"Marahaba mama yangu," alisema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. Mtoto akatoka taratibu kuangalia kwa nini mtu mzima analia.

Mama mkwe alilala kwa jirani, maana kwangu isingefaa, na kesho yake akapika kwangu nikiwa shambani. Nilirudi mapema kuliko kawaida. Nilimkuta anamsuka mtoto, wote wawili wakaniangalia nikiingia, na nadhani alijua kwa nini nimerudi mapema, lakini hakusema. Alipoaga, tulikubaliana mtoto ataenda Lupiro kila shule zikifungwa, akishaanza shule.

Likizo ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Tulipovuka daraja alisimama mbele yangu kwenye pikipiki akihesabu mitumbwi kule chini. Nilimwacha na mfuko wake wa nguo mlangoni kwa bibi yake, nikageuza bila kunywa hata maji. Usiku huo sikulala, na uliofuata pia. Nilikuwa na hakika nitakwenda kumchukua, niambiwe hayupo, amepelekwa kwa shangazi, amepelekwa Mahenge.

Likizo ilikuwa haijaisha nilipoona bodaboda imesimama nje. Mama mkwe akashuka, na mtoto mbele yake, macho yamevimba.

"Analia tangu juzi," alisema. "Anakutaka wewe. Nimembembeleza kwa kila kitu. Nimeshindwa."

Aliukabidhi ule mfuko wa nguo kama mtu anayesalimisha kitu. Nilikuwa nimeisubiri habari ya namna hiyo kwa muda mrefu, kwamba mtoto ni wangu na hataki kwingine, lakini ilipofika haikunifurahisha. Yule mama alikuwa amesimama juani na vumbi la njia nzima usoni, na alikuwa amejiandaa kugeuza palepale.

"Mama," nilisema, "kaa. Kaa mpaka shule zifunguliwe. Jirani ana chumba."

Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi moja kwa moja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akamlipa dereva, akamwambia aende.